Mistari Saba Chini ya Kiti

Jumamosi, tarehe 18 Aprili. Kitale kulikuwa na ukungu mpaka saa tatu, halafu jua likatoka kwa haraka kama mtu aliyechelewa kazini. Bungoma tulikuta kumenyesha usiku, udongo umelainika, anga safi.

Hivyo ndivyo nilivyoandika kwenye daftari langu. Mimi huanza na hali ya hewa kwa sababu hapo siwezi kukosea sana. Mengine huyaandika nikiwa na wasiwasi. Niliishia darasa la nane, na mwalimu wa insha alikuwa akiniambia, "Wewe unaanza vizuri, halafu unapotea njiani." Leo nitajaribu nisipotee.

Siku hiyo mimi na mke wangu tulikuwa tunampelekea mama mkwe baiskeli yake. Jirani yetu alikuwa anapeleka mbegu za viazi Bungoma na pikapu, akatubeba. Baiskeli ilikuwa imelala juu ya magunia, nimeifunika blanketi kama mgonjwa. Kila tukiruka bampa la barabarani nilikuwa nageuka kuiangalia. Nilikuwa nimeshaiharibu mara moja, na sikujua kama mwenyewe atakubali kuipokea tena.

Nianze mwanzo. Mimi nafanya kazi kwenye kinu cha kusaga mahindi hapa Kitale, na mtu akinitazama jioni huona unga na macho mawili. Fundi wa rangi mimi sio. Lakini mwaka jana nilipaka geti la mwenye nyumba wetu rangi ya kijani, na likapendeza. Kwa haki, geti lilikuwa la chuma kipya, halina kutu, hata wewe ungelipaka likapendeza. Mke wangu hakusimulia hivyo nyumbani kwao. Alisema, "Bwana yangu ni fundi wa rangi," na maneno yakikwenda Bungoma huwa hayarudi.

Baiskeli yenyewe ni ile ya zamani, nyeusi, ya chuma kitupu, breki za vyuma, keria pana ya kubebea gunia. Baba mkwe aliinunua akiwa kijana. Alipofariki, mama mkwe alisema haiwezi kukaa ghalani ikiliwa na panya, akajifunza kuiendesha mwenyewe na umri wake ule. Watu walicheka wiki moja, wakachoka. Sasa anakwenda nayo kanisani, anakwenda nayo kwenye chama cha akina mama, anapeleka nayo ndizi sokoni. Kutu ilipoanza kuchafua sketi zake, alituma neno kupitia mke wangu: "Mwambie fundi aipige rangi iwe kama mpya."

Nimesema kupitia mke wangu, na hapo lazima nieleze, maana makosa yote yalipitia mlango huo. Kwetu, mwanamume na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawaketi chumba kimoja, hawaangaliani usoni. Akija njiani, mmoja wenu anaingia shambani. Si uadui. Ni heshima, na naweza kusema ni heshima inayopunguza ugomvi. Miaka kumi na moja nimemwoa binti yake, na sijui kwa hakika mama ana uso wa namna gani. Mgongo wake naujua vizuri sana.

Kwa hiyo baiskeli ilikuja Kitale na amri moja tu, iwe kama mpya, na hakukuwa na njia rahisi ya kuuliza la pili.

Niliifungua yote uani. Magurudumu, madigadi ya kuzuia matope, cheni, kiti, usukani. Kila nati nilitia kwenye kopo la majarini na kuandika kwenye daftari imetoka wapi, kwa sababu kichwa changu sikiamini. Mashimo ya beringi niliyaziba na magazeti. Halafu nikakaa na msasa. Kwanza ule mkali wa kutoa kutu, halafu laini, halafu ule wa maji na sabuni, unasugua taratibu mpaka mkono ukipita hausikii kitu. Kazi hiyo ni tamu. Kinu kina kelele, msasa unanong'ona. Siku tatu nikitoka kazini nilikuwa nasugua tu, na mke wangu akipita na karai la nguo anasema, "Hata mimi hujawahi kunishika kwa makini hivyo."

"Wewe huna kutu," nikamwambia.

"Jibu zuri. Endelea."

Sasa, kwenye lile bomba la fremu linaloshikilia kiti, upande wa nyuma, chini kidogo ya kiti, kulikuwa na alama za rangi ya manjano. Mistari mifupi imelala, mmoja chini ya mwingine, imefifia. Mmoja ulikuwa umechuruzika. Nilisimamisha mkono. Nakumbuka kabisa nilisimamisha mkono, na hilo ndilo linaloniuma. Mimi mtu wa kushuku kila kitu, hata chumvi naionja mara mbili, niliona kwamba matone hayawezi kuanguka yakajipanga. Nikamwita mke wangu.

"Hii ni nini?"

Akainama. "Si rangi ya mlango wa kwetu? Ilikuwa manjano hivi. Nafikiri ilidondokea hapo."

"Ilidondoka ikapanga laini?"

"Sasa mimi nitajuaje bana? Toa tu. Si Mama alisema iwe kama mpya?"

Nikatoa. Kwa haki, yeye alisema toa, lakini msasa ulikuwa mkononi mwangu, na wasiwasi ulikuwa wangu pia. Dakika mbili, manjano ikawa vumbi.

Nikapaka praima nyekundu. Ilipokauka nikaining'iniza fremu kwenye waya wa nguo na kupuliza nyeusi kutoka kwenye kopo, nyembamba nyembamba, kama wanavyosema mafundi wa kweli: ukiwa na haraka rangi inalia machozi. Mkono wa kwanza wa rangi ulitoka safi. Mkono wa pili nilipuliza jioni moja baada ya mvua, na mtu yeyote aliyekulia upande huu angeniambia hilo ni kosa. Mvua ya kwanza, jua likirudi kidogo, kumbikumbi wanatoka. Walitoka ardhini kama moshi. Nilikuwa nimesimama nikiitazama kazi yangu inavyong'aa, na wao pia waliipenda. Walitua juu yake mpaka fremu ikaota manyoya.

Mke wangu alikuja mbio na sufuria. Nilidhani anakuja kunisaidia.

"Wale wa kwenye fremu waache, wana rangi," akasema. "Wa hapa chini ndio wetu."

Tulikula ugali na kumbikumbi siku hiyo, na lazima niandike kwamba walikuwa watamu. Kesho yake nikarudi kwenye msasa, nikitoa mabawa. Mkono wa tatu na wa nne nilipuliza asubuhi, kabla ya kazi. Halafu nikachukua brashi ndogo na rangi ya dhahabu, nikachora mstari mwembamba kwenye madigadi na kwenye mabomba marefu, kama zilivyokuwa zikitoka dukani zamani. Mkono wangu ulitetemeka mahali pawili. Anayejua atapaona. Juu ya yote nikapaka vanishi.

Nikaiunganisha, na kopo la majarini likabaki na nati moja ambayo mpaka leo sijui ni ya wapi.

Ilikuwa nzuri. Nasema hivyo nikiwa na hofu, lakini ilikuwa nzuri. Mke wangu akaipiga picha akaituma kwa simu ya kaka yake kule Bungoma, amwonyeshe mama. Tukangoja sifa. Saa moja ikapita. Simu ikalia, shemeji yangu yuko kwa laini, sauti ya mtu aliyetumwa na hapendi kutumwa.

"Ati Mama anauliza," akasema, "watoto wake wako wapi."

Mke wangu akacheka. "Si sisi hawa? Mwambie wako Kitale, wako kule Kwanza, wako Webuye, na wewe uko hapo."

"Hapana. Watoto wa kwenye baiskeli. Chini ya kiti."

Nikakaa kwenye ndoo. Kidogo kidogo habari ikatoka, shemeji akiuliza huku akigeuka kumsikiliza mama, mama akisema na yeye akirudia. Ile mistari ilipakwa na baba mkwe. Kila mara mama alipojifungua, yeye alikwenda hospitali na baiskeli hiyo, akamkalisha mama kwenye keria na mtoto amefungwa kwenye leso, akawaleta nyumbani akisukuma kwa miguu njia nzima, asiwarushe. Wakifika, kabla hajanywa chai, anachukua brashi na ile rangi ya mlango, anaweka mstari mmoja kwa kila mtoto chini ya kiti. Mistari saba. Hakuwaambia watoto, na mama hakuwaambia, kwa sababu hakuna aliyeuliza.

"Na anasema nini kuhusu baiskeli?" mke wangu akauliza.

Shemeji akasema, "Anasema ikae huko huko. Anasema hiyo ni baiskeli ya mtu mwingine."

Hapo ndipo ilipoanza hesabu yangu ya lawama, kama kawaida yangu. Upande mmoja: hakuna aliyeniambia. Amri ilikuwa kama mpya, na kitu kipya hakina alama. Upande wa pili: nilisimamisha mkono. Upande wa kwanza ulikuwa na maneno mengi, wa pili ulikuwa na maneno mawili, na bado ulikuwa mzito. Jumanne iliyofuata tulisikia Mama hakwenda chama. Kutembea ni mbali na magoti yake hayataki, na pikipiki anaziogopa. Kwa hiyo nilikuwa nimemfutia watoto, halafu nikamfungia nyumbani.

Mtu mwingine angempigia simu akaomba msamaha. Mimi sina ruhusa hiyo. Unaombaje msamaha kwa mgongo?

Nikaamua kuirudisha mistari. Mke wangu hakukumbuka ilikuwa mirefu kiasi gani. Nilinunua kopo dogo la manjano, nikachukua rula ya mtoto wa shule, nikapima sehemu saba sawasawa, nikabandika tepu ya karatasi juu na chini ili rangi isitoke nje. Ijumaa jioni nikapaka. Nilipobandua tepu, mistari saba ilisimama imenyooka, yote urefu mmoja, upana mmoja. Nililala nikijiambia kwamba pengine kazi yangu sasa ilikuwa bora kuliko ya marehemu, na asubuhi niliona aibu kwamba niliwaza hivyo.

Ndiyo hiyo iliyokuwa chini ya blanketi kwenye pikapu Jumamosi.

Tulipofika, mama alituona kwa mbali akaingia jikoni. Jiko lake ni nyumba ndogo pembeni, mlango unaangalia uani. Mimi nikakaa nje chini ya ukingo wa paa la ghala, nimeligeuzia jiko ubavu, baiskeli imeegemea ukuta. Mke wangu akaingia kumsalimia mama yake. Nilisikia wakisalimiana kwa muda mrefu, wakaulizana habari za mahindi, za mvua, za kifua cha mtoto, habari zote isipokuwa ile. Halafu simu ya mke wangu ikalia, na yeye akiongea na simu lazima atembee. Akatoka, akapita uani, akaelekea barabarani.

Tukabaki wawili, mimi nje, mama ndani, na kuku mmoja mwekundu akipekuapekua katikati.

Sijui kama mama alitoka mlangoni au alisimama ndani. Sikugeuka. Nikasikia sauti.

"Wewe kuku."

Kuku akaendelea kupekua.

"Wewe kuku, mwambie fundi ameleta askari."

Sikujua sheria inasemaje hapo. Yeye alikuwa anaongea na kuku, mimi nilikuwa nasikiliza kuku akiambiwa. Sikuona kosa.

"Kuku," nikasema, nikitazama chini, "muulize Mama, askari gani?"

"Hao wa manjano. Wamepanga foleni wanangoja mshahara. Watoto wangu hawakuwa hivyo hata siku moja. Watoto wangu hawajawahi kusimama foleni."

"Kuku, mwambie Mama mimi ndiye niliyefuta. Binti yake alisema ni matone, lakini mimi niliona si matone, nikafuta. Sikuuliza."

"Ungeniulizaje?" mama akasema, na hapo alisahau kuku kabisa. Akakumbuka. "Kuku, angeniulizaje? Angekutuma wewe kutoka Kitale?"

Sikujua kama naruhusiwa kucheka. Nilikohoa.

Halafu akaanza kumwelezea kuku ile mistari, mmoja mmoja, na mimi nikatoa daftari nikaandika haraka. Wa kwanza mrefu, umezunguka karibu nusu ya bomba, na umechuruzika, kwa sababu baba alikuwa na furaha na brashi ilikuwa na rangi nyingi mno. Wa pili na wa tatu wamegusana, maana hao walikuja siku moja. Wa nne, huyo aliye kwenye simu kule barabarani, ulikwenda upande, kwa sababu alikuwa analia na baba akawa anageuka kumwangalia. Wa tano wa kawaida, "mtoto wa kawaida, mpaka leo wa kawaida," na huyo ndiye shemeji yangu. Wa sita mfupi.

"Huyo hakukaa," akamwambia kuku. "Lakini alipanda baiskeli kama wengine. Siku moja. Akapata mstari wake."

Wa saba ulikuwa mwembamba, rangi ilikuwa inaisha.

Nikachukua kitambaa na mafuta ya taa. Thina ingekula na nyeusi yangu, lakini manjano ilikuwa bado inanata kwa sababu ya unyevu, na mafuta ya taa yaliitoa polepole. Askari wote wakaondoka. Nikashika brashi na kopo la manjano nilivyokuja navyo. Nikaweka wa kwanza, mrefu. Ulitoka mnene.

"Hapana," akasema mama.

Nikafuta. Nikajaribu tena, nikaacha uchuruzike.

"Huyo analia. Yule alikuwa anacheka."

Nikafuta. Nilijaribu mara nne, sitadanganya. Mkono wangu unatetemeka ninapotaka kunyoosha, na ninapotaka utetemeke unanyooka. Mwisho nikaona jambo dogo ambalo mwenye akili angeliona akiwa bado Kitale. Nikasafisha brashi vizuri, nikaiweka juu ya kiti cha baiskeli, kopo la rangi nikaliweka kwenye jiwe likiwa wazi. Nikasema, "Kuku, mwambie Mama ninakwenda kuangalia mahindi."

Nikaenda mpaka kwenye ua wa michongoma, nikaupa uwanja mgongo. Mahindi yalikuwa yamefika kifundo cha mguu. Niliyatazama kama mtu wa kilimo aliyetumwa na serikali. Nyuma yangu nikasikia ndara zikipita kwenye matope, zikasimama. Nikasikia kopo likisogezwa. Kwa muda mrefu sikusikia kitu. Halafu akacheka kidogo, kwa pua, halafu akavuta kamasi, halafu ndara zikarudi jikoni.

Mke wangu alikuwa ameingia getini, amesimama, simu imezimwa mkononi. Nafikiri aliona yote. Tukaenda pamoja kuangalia. Ilikuwa kazi mbovu. Wa kwanza ulikuwa umeviringika mpaka mbele na kudondosha machozi mawili, wa pili na wa tatu wameshikamana, wa nne umekwenda kombo, wa sita ni kama kucha. Na juu ya nyeusi yangu iliyong'aa ilionekana kama kitu kilichokuwa pale siku zote.

"Huyu ndiye mimi?" mke wangu akauliza, akionyesha wa nne.

"Ulikuwa unalia."

"Nani amekuambia?"

"Kuku."

Sikuamini kwamba imekwisha, kwa sababu mama hakusema neno. Nilikwenda kuketi kwa shemeji, ambaye nyumba yake iko kwenye boma hilo hilo, na nikamweleza nati yangu iliyobaki, akasema yeye pia hajui. Saa kumi na moja hivi tukasikia kengele. Nikachungulia dirishani, nikijua sifai kuchungulia. Nikaona mgongo ninaoujua, umenyooka, leso imefungwa vizuri, unatoka getini juu ya baiskeli nyeusi. Aliizungusha mpaka kwenye barabara ya lami na kurudi, na aliporudi nikaacha dirisha haraka nisione uso.

"Breki ya nyuma inalia," nikasikia akimwambia binti yake. "Mwambie fundi."

Nilikwenda nikaikaza alipokuwa jikoni. Leso yake ilikuwa imegusa mstari wa saba ukiwa mbichi na kuutanua kidogo. Sikuugusa.

Jioni tulikula kwa shemeji, mama akiwa kwake jikoni: ugali wa wimbi, mboga ya kunde iliyochanganywa na mrenda, na kuku. Sahani yangu ililetwa na mke wangu kutoka kwa mama ikiwa imefunikwa, na nilipoifunua nikakuta firigisi juu, nzima, kipande ambacho kwetu hupewa mwanamume anayeheshimiwa. Uani hapakuwa na kuku mwekundu. Nilimuuliza mke wangu kama ni yule, akasema kuku wekundu ni wengi, kula. Nikala.